Tiba ya Akili Isiyotaka Kumgeuza Mtu

Tiba ya akili inayomkubali mtu ni ile isiyohesabu mapenzi ya jinsia moja, wala kujitambua kwa jinsia tofauti na ya kuzaliwa, kuwa ugonjwa wa kuponywa. Kinachotibiwa ni kile kinachomsumbua mgonjwa: sonona, hofu isiyokwisha, kukosa usingizi, kumbukumbu za kipigo, pombe iliyozidi kiasi. Mwanamume anayependa wanaume akipata sonona, hutibiwa sonona. Mwanamke aliyefukuzwa nyumbani kwa kumpenda mwanamke mwenzake hutibiwa jeraha la kufukuzwa, na mapenzi yake huachwa yalivyo.

Kanuni hiyo imekubaliwa na taaluma ya tiba kwa muda mrefu sasa. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo tarehe 17 Mei 1990. Toleo la 11 la orodha ya shirika hilo, lililopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022, liliwatoa pia watu waliovuka jinsia katika sura ya magonjwa ya akili. Barani Afrika, chama cha wanasaikolojia cha Afrika Kusini kilitoa msimamo wake mwaka 2013 na mwongozo kamili wa kazi mwaka 2017. Hata Robert Spitzer, daktari wa Marekani aliyechapisha mwaka 2003 utafiti uliodai kwamba baadhi ya watu waliweza kubadilika kwa tiba, aliukana mwenyewe mwaka 2012 na kuomba radhi. Waliobadilika kwa madai yake walikuwa wameulizwa tu kwa simu wajieleze, naye hakuwa na njia ya kujua kama walisema kweli.

Ikiwa mapenzi ya jinsia moja na kuvuka jinsia si ugonjwa, kwa nini basi watu wa makundi hayo huugua akili zaidi ya wenzao? Mtafiti Ilan Meyer alilieleza jambo hili mwaka 2003: kuishi katika kundi linalodharauliwa ni mzigo wa ziada juu ya shida za kila mtu. Mzigo huo una sehemu mbili, matendo ya wengine na maisha ya kuyangojea matendo hayo. Mtu anayepima kila neno kabla ya kulitamka, anayefuta ujumbe kila usiku, anayetunga mchumba wa uongo ili wazazi wanyamaze, huchoka akili hata kama hajawahi kupigwa kofi. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na Tanga miongoni mwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume ulikuta karibu nusu yao wana dalili za sonona.

Mkoani Simiyu mzigo huo una sura yake. Mkoa huu ulianzishwa 2012 kwa kumega maeneo ya Shinyanga na Mwanza, na wakazi wake, zaidi ya milioni 2, wengi ni Wasukuma wanaoishi kwa pamba, mahindi na ng'ombe. Ndoa si jambo la watu wawili. Mahari ya ng'ombe hufunga koo mbili, na kijana wa kiume aliyefika miaka 25 bila kuoa huanza kuulizwa maswali na baba mdogo, shangazi, na hata jirani wa ng'ambo ya shamba. Msichana haulizwi sana, huamuliwa. Dawa ya kwanza ambayo familia nyingi huifikiria ni kuozesha, kwa imani kwamba "akioa itaisha". Haiishi, na mara nyingi huongeza mgonjwa wa pili ndani ya nyumba, yaani yule aliyeolewa bila kujua. Dawa ya pili ni maombezi ya kutoa pepo, na ya tatu ni mganga.

Sheria inazidisha ukimya. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinatoa adhabu ya kifungo kuanzia miaka 30 hadi maisha kwa tendo linaloitwa kinyume cha maumbile, na kiwango hicho cha chini kiliwekwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Kinachoadhibiwa na kifungu hicho ni tendo. Kwa mgonjwa, tofauti hiyo ina maana kubwa: tiba ya mazungumzo inaweza kwenda mbali sana kwa kuzungumzia hisia, hofu, upweke na ugomvi wa nyumbani bila mgonjwa kusimulia tendo lolote wala kutaja jina la mwenzake. Mshauri mzuri hasisitizi asimuliwe hayo. Anayesisitiza bila sababu ya kitabibu, afadhali aachwe.

Huduma zenyewe Bariadi, makao makuu ya mkoa, hazikosekani kabisa. Mji una hospitali ya Somanda na hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Nyaumata, na wilaya za Itilima, Maswa, Meatu na Busega zina hospitali na vituo vyao. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache nchi nzima, kwa hiyo sehemu kama hizi mgonjwa wa sonona huwa mikononi mwa daktari wa kawaida, muuguzi aliyesomea afya ya akili, au afisa ustawi wa jamii. Hilo si balaa. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2008 mpango wa kuwafundisha wahudumu wasio mabingwa kutambua na kutibu magonjwa ya akili ya kawaida, na Zimbabwe imeonyesha umbali unaoweza kufikiwa. Mradi wa mabenchi ya urafiki ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 huwaketisha bibi waliopewa mafunzo nje ya zahanati, wakazungumza na wagonjwa na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Jaribio la kisayansi lililochapishwa 2016 lilionyesha kwamba wagonjwa hupata nafuu. Mradi huo umefika Zanzibar. Muuguzi wa Bariadi mwenye masikio na subira anaweza kufanya mengi kuliko bingwa mwenye dharau.

Tatizo kubwa la Bariadi ni siri. Mji ni mdogo. Dirishani pa mapokezi karani huuliza shida mbele ya foleni, na katika foleni hiyo huenda yumo jirani, mwalimu wa zamani au mke wa mjomba. Muuguzi mwenyewe huenda akawa anasali kanisa moja na mama wa mgonjwa. Kwa hiyo safari ya matibabu huanza vizuri zaidi kwa dalili. "Sipati usingizi" au "nina mawazo mengi" ni jibu la kweli, linatosha dirishani, na linampeleka mtu chumba kinachomhusu. Sonona hupimwa kwa maswali kuhusu usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona huna thamani na mawazo ya kufa; hakuna swali hata moja kati ya hayo linalohitaji kujua mgonjwa anampenda nani. Dawa kama fluoksetini au amitriptilini, daktari akiona zinahitajika, huandikwa kwa dalili hizo hizo.

Mazungumzo ndiyo yanayofika mahali ambapo ukweli unahitajika, maana ni vigumu kutibiwa hofu ya kufichuliwa bila kusema ni nini kinachofichwa. Hapo mgonjwa ana haki ya kumpima mshauri kabla mshauri hajampima yeye. Swali la kwanza ni la jalada: nani mwingine analisoma, na nini kitaandikwa humo? Hospitali nyingi za serikali hutumia mfumo wa kompyuta, na mgonjwa anaweza kuomba yaandikwe maradhi tu, bila habari za mapenzi yake. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Swali la pili huulizwa kwa mbali: mshauri humsaidiaje mtu mwenye jambo ambalo dini yake inalikataza? Anayejibu kwamba kazi yake ni kusikiliza na kupunguza maumivu anaweza kupewa sehemu ya pili ya habari wiki inayofuata. Anayejibu kwa mahubiri amekwisha kujieleza, na mgonjwa anaweza kuendelea kutibiwa usingizi kwake bila kumwambia zaidi. Kusema kidogo kidogo namna hii si unafiki. Washauri wenye uzoefu huutarajia mwendo huo kwa kila mgonjwa mwenye siri nzito.

Ishara za hatari zinajulikana. Mshauri anayeahidi "kurudisha" mtu, anayeagiza kufunga na kukesha badala ya matibabu, anayetaka kuwaita wazazi bila ridhaa ya mtu mzima, au anayependekeza ndoa kama dozi, yuko nje ya taaluma yake hata akiwa na cheti ukutani. Tiba za kumgeuza mtu zimepingwa na vyama vikuu vya madaktari na wanasaikolojia kwa sababu hazigeuzi, na zinaongeza aibu na mawazo ya kujiua.

Hii haina maana kwamba mwenye imani lazima aiache dini ili apone. Wagonjwa wengi wa Simiyu ni waumini, na mshauri anayemkubali mtu huikubali na imani yake pia.

Bariadi ikishindikana, njia ya kawaida ni Mwanza: basi hadi Lamadi, kisha barabara kuu ya Musoma kupitia Magu. Hospitali ya Kanda Bugando, iliyofunguliwa 1971, ina idara ya magonjwa ya akili, na mji wenyewe ni mkubwa kiasi cha mtu kupotea kati ya watu. Safari ya Mwanza haihitaji maelezo mengi nyumbani, kwani kila wiki kuna anayekwenda huko kufuata mzigo au kumwona ndugu. Ugumu ni nauli, hasa kwa matibabu yanayotaka mtu arudi mara 6 au 8. Wengine hukubaliana na mshauri waonane ana kwa ana mara ya kwanza, zinazofuata ziwe kwa simu.

Simu yenyewe ina mambo yake. Chumba cha kulala cha watu watatu si chumba cha ushauri. Shambani jioni au ndani ya gari lililoegeshwa panafaa zaidi. Namba ya mshauri inaweza kuhifadhiwa kwa jina lisiloleta maswali, na ujumbe unaojifuta wenyewe ni bora kuliko unaobaki. Anayemtafuta mshauri wa nje ya nchi akumbuke kwamba Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, hivyo ni halali kumwomba mshauri wa huko namba ya usajili. Uganda ni jambo jingine: sheria ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja iliweka wajibu wa kuripoti wanaoshukiwa, na ingawa Mahakama ya Katiba iliufuta Aprili 2024, sehemu kubwa ya sheria hiyo imebaki.

Kwa miaka mingi mlango mwingine ulikuwa kliniki za Ukimwi na waelimishaji rika wa makundi maalumu, wakiwemo wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, ambako mtu hakulazimika kueleza yeye ni nani. Mlango huo umetikiswa mara mbili. Mwaka 2017 serikali ilifunga vituo 40 vilivyohudumia makundi hayo, na mwanzoni mwa 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa, ilisitisha misaada yake. Pale ambapo mwelimishaji rika bado yupo, mara nyingi ndiye anayejua muuguzi gani hana maneno.

Mawazo ya kujiua hayangoji utaratibu huu wote. Mwenye mawazo hayo aende hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, na amwambie muuguzi kwamba anafikiria kujidhuru. Sababu inaweza kusubiri. Jaribio la kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, jambo linalowafanya wengi wafiche, lakini kusema kwamba mtu ana mawazo hayo ni kuomba matibabu. Mtoto au kijana aliye chini ya miaka 18 anaweza kupiga 116 bila malipo. Anayeishi na mwenye mawazo ya kujiua ana kazi moja ya haraka: katika mkoa wa pamba karibu kila nyumba ina chupa ya dawa ya kunyunyizia wadudu, na chupa hiyo ihamishiwe kwa jirani au ifungiwe kwa kufuli, ufunguo akae nao mtu mwingine, hadi mgonjwa apate nafuu.