Kabla Hujamtumia Mdogo Wako Madabodi

Huenda wewe ni mfanyakazi hapa Dar es Salaam, na mwisho wa mwezi umepata ujumbe kutoka kwa mdogo wako aliyeko Nkwenda, wilayani Kyerwa. Baada ya kukujulia hali na kukupa habari za wazee na za mvua, amefika kwenye shida yake: kompyuta ya kibandani kwake inakwama vijana wanapocheza gemu, basi anakuomba upite Kariakoo umnunulie madabodi na prosesa. Fedha amekwisha kuzituma kwa simu. Ni fedha za kahawa, na sehemu yake ni ya baba.

Usiharakishe kulidharau ombi hilo kwa sababu ni la gemu. Katika mji mdogo, kompyuta moja huchapa barua za watu asubuhi, hutoa nakala za vyeti mchana, na jioni vijana hulipa wapate kucheza mpira kwenye kioo. Mapato ya jioni huweza kuzidi ya asubuhi. Kama mzazi unayo haki ya kuuliza ni vijana wa umri gani wanaoingia na wanatoka saa ngapi, lakini hilo ni jambo la kuzungumza na mdogo wako, wala si sababu ya kumnunulia kifaa kibovu.

Maana hatari iko hapo. Anayeishi Dar es Salaam akinunua prosesa isiyoingia, hupanda daladala akairudisha. Nkwenda iko mbali na maduka hayo kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Kosa la dukani litagunduliwa siku kadhaa baadaye, mzigo ukiwa umekwisha kufunguliwa, na mwenye duka ana kila kisingizio cha kusema kwamba aliyeufungua ndiye aliyeuharibu. Na kati ya ndugu, fedha iliyopotea namna hii haisahauliki upesi.

Tuanze na vitu vyenyewe. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. Madabodi ni ule ubao mpana ambao prosesa, kumbukumbu na vifaa vingine vyote hukalia na kuzungumzia. Prosesa hukaa katika soketi, na soketi si za aina moja. Prosesa za Intel za mwaka 2011 na 2012 hukaa katika soketi 1155. Zilizotoka 2013 zilihitaji soketi 1150, ingawa kwa macho tofauti ni ndogo mno. Iliyoleta majonzi zaidi ni soketi 1151: prosesa za kizazi cha 6 na cha 7 huikalia, na za kizazi cha 8 na cha 9 pia, lakini madabodi iliyotengenezwa kwa zile za mwanzo haizikubali hizi za baadaye. Zinaingia sawasawa, unafunga, unawasha, na kioo kinabaki cheusi. AMD walikuwa waungwana zaidi kwa wateja wao: soketi yao ya AM4, ambayo prosesa za Ryzen ziliianza mwaka 2017, ilidumu vizazi kadhaa, hata AM5 ilipoingia mwaka 2022. Lakini hata hapo madabodi ya zamani huhitaji programu yake ya ndani, yaani bayosi, isasishwe kwanza kwa prosesa ya zamani ndipo ipokee mpya.

Kumbukumbu nayo ina vizazi vyake: DDR3, DDR4 na DDR5. Kila kizazi kina pengo lake mahali pake, hivyo kimoja hakiingii katika nafasi ya kingine. Ukinunua madabodi ya kizazi kipya, kumbukumbu ya zamani hubaki mezani, nawe utarudi dukani.

Sasa, kabla ya kugusa fedha za baba, mwombe mdogo wako afanye jaribio moja lisilogharimu kitu. Afungue gemu linalokwama na kutazama idadi ya picha kwa sekunde. Kisha, katika mipangilio ya gemu, apunguze ukali wa picha, mathalani kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Mwendo ukiongezeka sana, mwenye kuchoka ni kadi ya picha, na prosesa haina hatia. Mwendo usipobadilika, hapo prosesa ndiyo inayoelemewa. Wengi huvunja kompyuta nzima bila ya jaribio hili, na madabodi mpya isiyo na kadi ya picha ya maana huwaacha karibu pale pale walipokuwa.

Swali la pili ni la jina lililoandikwa usoni mwa kompyuta. Mashine nyingi za mitumba zinazouzwa nchini zilikuwa za ofisi za Ulaya: Dell OptiPlex, HP na ndugu zake. Ni mashine imara, ila waliozitengeneza hawakutarajia mtu azibadilishe viungo. Chukua Dell OptiPlex 9020 ya mwaka 2013. Madabodi za kawaida hupokea umeme kwa plagi kubwa yenye matundu 24. Hiyo hutumia plagi ya matundu 8. Ukinunua madabodi ya kawaida, pawasaplai yake haitafaa. Ukinunua pawasaplai mpya, huenda isikae ndani ya sanduku lile jembamba. Ukinunua sanduku, basi umekwisha kununua kompyuta nyingine.

Kwa mashine ya namna hiyo mimi ningemshauri aiache madabodi mahali pake. Ikiwa ndani mna prosesa ya i3 ya kizazi cha 4, yenye viini 2, ipo i7-4790 yenye viini 4 inayokalia soketi ile ile, bayosi ikiwa imesasishwa. Kadi ya picha kama GTX 1050 Ti hutumia wati 75 tu, na nyingi za aina hiyo hazihitaji waya wa ziada wa umeme. Kwa sanduku jembamba yapo matoleo mafupi. Ni njia ya gharama ndogo, na michezo ya mpira itakwenda. Mjulishe tu jambo moja: Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha 8, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 2025. Kompyuta inayohifadhi barua za wateja yafaa ilifikirie hilo.

Ikiwa sanduku ni la kawaida na umeamua kununua, omba picha za namba zilizo juu ya madabodi, juu ya prosesa na juu ya pawasaplai, wala usikubali maelezo ya mdomo. Nunua madabodi, prosesa na kumbukumbu mahali pamoja, vifungwe na kuwashwa mbele yako, uone kioo kikisoma jina la prosesa na kiasi cha kumbukumbu. Muuzaji anayekataa kuwasha, mwache. Katika prosesa za Intel tulizozitaja, visindano viko ndani ya soketi. Kimoja kikipinda, madabodi imekufa nusu. Basi ile kofia ya plastiki ya soketi isafiri nayo. Mfuko wake maalumu wa kuzuia umeme tuli usibadilishwe na mfuko wa nailoni. Ongeza na dawa ya joto, kitube kidogo, kwani feni ikiinuliwa ile ya zamani haifai tena.

Ndani ya ule mzigo kuna jambo la kuburudisha. Lehemu inayoshika vipande vya madabodi, tangu sheria ya Ulaya ilipoanza kuibana risasi mwaka 2006, kwa sehemu kubwa ni bati. Na Kyerwa ni wilaya ya bati, iliyochimbwa huko tangu enzi za ukoloni. Haiyumkiniki kujua bati la nani limo katika ubao upi, lakini si kitu kigeni kabisa kinachorudi kwa basi.

Ukifika, mdogo wako asiwe na haraka. Azime umeme, aguse chuma cha sanduku, ahesabu nguzo ndogo za shaba chini ya ubao, kwani iliyozidi huleta shoti, na asisahau plagi ndogo ya umeme wa prosesa pembeni mwa soketi. Wengi hudhani mashine imeharibika kumbe ni hiyo. Kisha ainunulie UPS, kwa sababu umeme unaokatika na kurudi ghafla hauchagui kifaa kipya.

Madabodi ya zamani isitupwe. Ikipata sanduku kuukuu na pawasaplai yake ile ile, itachapa barua za maombi ya kazi meza ya mbele, huku vijana wakipiga mpira meza ya nyuma.