Mairungi, Panya wa Maabara na Hofu ya Usiku

Katika mikutano yetu na wananchi wa Molo, na kwa jirani zetu wa Busia na Malaba, huulizwa swali moja ambalo jibu lake si la kipolisi: kwa nini mtu aliyetafuna mairungi jioni kwa furaha na maneno mengi, ifikapo usiku wa manane huwashuku hata ndugu zake? Wengi hudhani amerogwa. Sisi tunaona heri tueleze kile ambacho wataalamu wamekichunguza.

Mairungi, ambayo ng'ambo ya mpaka huitwa miraa, yana kemikali iitwayo kathinoni. Ilitambuliwa katika majani mabichi mnamo mwaka 1975, na umbo lake linakaribiana sana na la amfetamini, dawa kali ya kuchangamsha. Kathinoni hupungua nguvu upesi baada ya majani kuchumwa, ndiyo sababu mafungu huviringishwa katika majani ya mgomba na kusafirishwa mbio.

Sasa, hofu hupimwaje? Panya hawezi kuulizwa. Kwa hiyo wataalamu hutumia ubao wenye umbo la msalaba, ulioinuliwa yapata nusu mita kutoka sakafuni. Mikono miwili ya msalaba huo ina kuta. Miwili iko wazi. Panya kwa asili huogopa mahali peupe, maana huko ndiko mwewe humwonea. Lakini pia ana udadisi. Akiwa mtulivu, hutoka mara kwa mara kuchungulia upande ulio wazi. Akiwa na hofu, hujibanza penye kuta. Kipimo hiki kilithibitishwa kwa panya mwaka 1985, na hadi leo kinatumika duniani kote.

Katika majaribio mengi, panya waliopewa amfetamini au kokeini walipunguza kutoka kwenye mikono iliyo wazi. Jambo la kuzingatia ni kwamba dawa hizo huwafanya wakimbie-kimbie zaidi. Mtazamaji wa haraka angewadhania kuwa majasiri. Ndiyo maana wachunguzi huhesabu pia jumla ya safari zote, ili wasichanganye wepesi wa miguu na utulivu wa moyo. (Hata barabarani tunayaona makosa ya namna hiyo: dereva asiyesinzia hudhaniwa kuwa dereva salama.) Panya waliozoeshwa kokeini na kisha kunyimwa huonyesha hofu vilevile. Matokeo hayafanani kila mara, kwani kipimo cha dawa na mazoea ya mnyama hubadili mambo, na binadamu si panya. Hata hivyo, yanakubaliana na yale ambayo watafunaji wenyewe husimulia: kwanza uchangamfu, kisha wasiwasi, hasira na kukosa usingizi. Kwa baadhi ya watu, hasa wanaotafuna kwa wingi, huja hata kusikia sauti zisizokuwapo na kuamini kwamba wanawindwa.

Hapo ndipo panga huinuliwa juu ya mtu asiye na hatia.

Kuhusu sheria, mpaka wetu una utata. Nchini Kenya miraa ni zao linalotambuliwa kisheria. Nchini Uganda, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2023 imeuweka mmea huo kati ya iliyokatazwa. Fungu lililo halali asubuhi upande wa mashariki huwa kosa likivushwa.

Lakini anayetetemeka kwa hofu hahitaji kwanza mahubiri ya sheria. Mmoja tu azungumze naye, kwa sauti ya chini, bila kumzunguka wala kumbishia kuhusu maadui anaowaona. Watoto waondolewe, na panga na visu vitolewe kimyakimya. Msimfunge kamba. Akilalamika maumivu ya kifua, apelekwe hospitali mara moja. Akianza kutishia watu, pigeni 999, namba inayotumika pande zote mbili za mpaka, na mwelezeni afisa tangu mwanzo kwamba ametafuna na hajalala, ili waje wakijua wanamkuta mgonjwa.