Mafuta ya bangi kutoka Mara: sheria ya Bara, sheria ya Zanzibar na hukumu ya dini



Tumeletewa suala na mama mmoja wa Pemba. Mwanawe ana miaka minane na anaanguka kifafa. Kaka yake anafanya biashara Musoma, naye amempelekea habari kwamba huko Tarime na Serengeti yanapatikana mafuta ya bangi, chupa ndogo, matone mawili chini ya ulimi kila usiku, na kwamba watoto wanapona. Akamwambia asiwe na hofu, marufuku hiyo ni ya Bara na Zanzibar ina sheria yake, na isitoshe Marekani kwenyewe siku hizi bangi inauzwa madukani. Mama anauliza mambo mawili: ni halali? Na akikutwa nayo bandarini itakuwaje?

Tutaanza na la pili, kwa sababu ndilo linaloweza kumtia jela kabla hatujamaliza kujibu la kwanza.

Kwa wasiopafahamu, Tarime na Serengeti ni wilaya mbili za mkoa wa Mara. Ukiupita mji wa Tarime unafika Sirari, na ng'ambo ya pili ni Isebania ya Kenya. Wakurya wanaishi pande zote mbili za mpaka, ndugu kwa ndugu, na njia za miguu ni nyingi kuliko vizuizi. Mto Mara unapita baina ya wilaya hizo mbili ukielekea Ziwa Victoria, na bonde lake lina maji na rutuba. Humo bangi hulimwa, mara nyingine katikati ya mahindi na mihogo ili isionekane, na humo maofisa wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wamekuwa wakirudi kufyeka na kuchoma mashamba. Mkulima akiulizwa husema gunia la mahindi halimlipi kama bangi. Hatumtetei, lakini anayemhubiria na asimfikirie ada za skuli za wanawe hajamaliza kazi yake.

Bangi inayotoka huko ni ya kuvutwa. Mafuta anayosifiwa mama huyu ni majani hayo hayo yaliyochemshwa katika mafuta ya kupikia na mtu asiyejulikana. Hakuna maabara iliyopima kilichomo. Chupa ya leo yaweza kuwa dhaifu, na ya kesho ikamlewesha mtoto wa miaka minane akalala asiamke asubuhi kwa wakati.

Sasa sheria. Bara inayo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyorekebishwa 2017 na adhabu zake kuongezwa ukali. Mahakama zimekuwa zikiwafunga miaka 30 watu waliotiwa hatiani kwa kulima au kusafirisha bangi. Zanzibar ilikuwa na Sheria Nambari 9 ya mwaka 2009, kisha mwaka 2021 ikapitishwa sheria mpya iliyounda Mamlaka yetu wenyewe ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kwa hiyo ni kweli kwamba sheria ni mbili na mamlaka ni mbili. Lakini kaka mtu amekosea katika natija: sheria zote mbili zinaikataza bangi, na Jeshi la Polisi ni moja, la Muungano. Anayepanda boti Dar es Salaam na chupa ile anavunja sheria ya Bara anapoondoka, na akishuka Malindi anavunja ya Zanzibar. Hakuna daktari, upande wowote, anayeruhusiwa kumwandikia mgonjwa bangi.

Habari ya Marekani imechanganywa, na wengi wetu tuna jamaa huko wanaotutumia video, basi tuieleze. Marekani ina sheria za majimbo na sheria ya shirikisho. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika daraja kali kabisa la makatazo. Mwaka 1996 wapiga kura wa California wakaruhusu itumike kwa tiba, na majimbo mengi yakafuata. Mgonjwa mmoja wa California, Angel Raich, akapeleka kesi hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 2005 majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba serikali ya shirikisho inaweza kuitumia sheria yake hata kwa bangi iliyopandwa nyumbani kwa ajili ya tiba. Yaani jimbo linasema ruhusa na shirikisho linasema marufuku, na mtu yule yule amesimama baina yao. Baadaye Bunge lao lilizuia fedha za Wizara ya Sheria zisitumike kuyazuia majimbo kutekeleza sheria zao za bangi ya tiba, lakini huko ni kufumba macho, si kuhalalisha. Vijana wetu walioko huko bila ya uraia wajue kwamba mambo ya uhamiaji ni ya shirikisho: duka lililofunguliwa kwa leseni ya jimbo halimlindi mtu ombi lake la ukaazi linapochunguzwa. Na anayefikiria kuja nyumbani na chupa begani kupitia Dubai, Doha au Muscat, afikirie mara mbili viwanja vile vina sheria gani.

Kwetu mgongano wa namna hiyo haupo kwa sasa. Unaweza kuja. Afya si jambo la Muungano. Dawa za Bara husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, za kwetu na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Mikataba ya kimataifa, kwa upande wake, ni mambo ya nje, na hayo ni ya Muungano. Mkataba wa mwaka 1961 wa dawa za kulevya unaruhusu matumizi ya tiba na utafiti chini ya leseni na usimamizi wa serikali. Mwezi Disemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliiondoa bangi katika jedwali la vitu vya hatari kubwa visivyo na faida ya tiba, lakini ikabaki katika jedwali la vinavyodhibitiwa. Rwanda na Uganda zimeshafungua mlango wa kulima kwa leseni ili kuuza nje, na Bungeni Dodoma wamesimama wabunge zaidi ya mara moja kutaka nasi tufanye hivyo. Ikitokea siku Dodoma wakaruhusu, ruhusa hiyo haitavuka bahari wenyewe. Itasubiri Baraza la Wawakilishi. Wenye umri wetu wanakumbuka mifuko ya plastiki: Zanzibar iliipiga marufuku miaka mingi kabla ya Bara kufanya hivyo Juni 2019, na aliyeshuka Malindi na mfuko wa Kariakoo alinyang'anywa.

Tuje katika dini. Asili ya mas-ala haya haina utata. Mtume (S.A.W.) amebainisha kuwa kila kinacholevya kina hukumu ya khamri, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, na Ummu Salama (R.A.) amepokea katazo la kila kinacholevya na kinacholegeza mwili. Hashishi ilipoenea katika nchi za Kiislamu, wanavyuoni hawakunyamaza. Ibn Taymiyya aliikemea vikali, na Imam Zarkashi wa madhehebu yetu ya Kishafi akaiandikia risala mahsusi. (Wanafunzi wa madrasa wakikuta neno banji katika vitabu vya fiqhi wasikimbilie kusema ndiyo bangi ya Tarime. Mara nyingi ni mmea mwengine.)

Kuhusu tiba, Twariq bin Suwaid (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu khamri kwa ajili ya dawa, akajibiwa kuwa hiyo si dawa bali ni ugonjwa. Hata hivyo wanavyuoni wa Kishafi walitenganisha khamri na mimea inayoondosha akili. Walisema mimea hiyo ni haramu kwa anayetafuta ulevi lakini si najisi, na wakajuzisha itumike kwa haja ya kweli, kwa mfano mtu anayekatwa kiungo kilichooza. Kwa msingi huo hatuoni tatizo katika mofini anayopewa mgonjwa wa saratani, wala methadoni wanayopewa vijana wetu Kidongo Chekundu. Masharti yake ni kwamba isiwepo dawa ya halali inayotosha, aseme hivyo tabibu mjuzi na muaminifu, na kipimo kisizidi haja.

Ipo dawa ya kifafa iliyotokana na mmea huu. Mwaka 2018 wadhibiti wa dawa wa Marekani waliidhinisha Epidiolex, yenye kanabidioli iliyosafishwa, ambayo hailevyi kama bangi ya kuvuta. Waliianzia na aina mbili kali na adimu za kifafa cha watoto, ugonjwa wa Dravet na wa Lennox-Gastaut. Dawa ya namna hiyo ikisajiliwa hapa kwetu na daktari akaiandika, jawabu letu ni kwamba inajuzu. Chupa ya Mara haikutimiza hata sharti moja kati ya yale matatu, na juu yake inamuweka mama katika hatari ya kifungo, naye ndiye anayemlea mgonjwa. Neno dharura limekuwa jepesi sana vinywani mwetu. Mtu huitaja hata kabla ya kufika hospitali.

Basi kwa dada yetu: chupa hiyo usiipokee. Ikiwa imeshafika, imwage chooni, usimpe wala usimuuzie mwengine. Muhimu zaidi, tumeelewa katika barua yako kwamba ulikusudia kumwachisha mtoto vidonge vya hospitali. Usivikate ghafla, kufanya hivyo kunaweza kuleta mfululizo wa degedege linaloua. Akianguka na ikapita dakika tano hajatulia, mkimbize hospitali. Kama vidonge havimsaidii, mrudishe Abdalla Mzee, Mkoani, umwambie daktari wazi kuwa havimsaidii na uulize kuhusu kubadilisha dawa au kupelekwa Mnazi Mmoja. Ukikwama nauli, tuandikie tena. Wapo watu katika msikiti wetu tunaoweza kuwaomba.

Wallahu a'lam.