Bima ya Motokaa: Je, Ni Haki Mwanamke na Mwanamume Watozwe Ada Mbalimbali?

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Dodoma na Kanda ya Kati

Walimu, hakikisheni kila mwanafunzi ana daftari na kalamu, maana leo tutasoma na kufanya hesabu pia. Habari yetu ni bima ya motokaa. Swali letu ni moja: je, ni haki mtu atozwe ada kubwa au ndogo ya bima kwa sababu ni mwanamume au mwanamke?

Pengine mmoja wenu atasema, "Mimi sina motokaa wala pikipiki. Somo hili lanihusu nini?" Lakuhusu sana. Mfikiri mama aendaye kwa miguu kando ya barabara kuu ya Dodoma na Singida, amebeba debe la mtama kichwani. Wafikiri watoto wa Bahi waendao shule asubuhi. Gari likiwagonga, nani atalipa gharama za hospitali? Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, yamlazimisha kila mwenye motokaa au pikipiki iendayo barabarani awe na bima ya kuwafidia watu wengine watakaoumia au kufa. Watu wakiiona ada kuwa ya haki, wengi wataikata bima hiyo. Wakiiona kuwa ya dhuluma, wengine wataikwepa. Hapo atakayepata hasara kubwa kuliko wote ni yule aliyekuwa akienda kwa miguu yake.

BIMA NI KITU GANI?

Ninyi mnaijua bima, hata kama hamkulijua jina lake. Katika mitaa na vijiji vyetu viko vikundi vya kufa na kuzikana. Kila mtu hutoa fungu lake. Msiba ukimfika mmoja, fedha za wote humsaidia. Yule asiyefiwa hapati kitu mwaka ule, wala halalamiki. Anajua kwamba zamu yake yaweza kuja.

Bima ya motokaa ni vivyo hivyo. Watu wengi hutoa kidogo kidogo, na wachache waliopatwa na ajali hulipiwa hasara. Lakini iko tofauti moja. Katika kikundi chetu, mzee wa miaka 70 na kijana wa miaka 25 hutoa fungu moja. Kampuni ya bima hutaka kwanza kujua nani aelekea zaidi kupata ajali, ili imtoze zaidi. Ndipo swali letu linapoanzia.

TUFANYE HESABU

Andikeni katika daftari zenu. Hesabu hii ni ya kujifunzia tu.

Tuseme kampuni moja ina wenye magari 200: wanaume 100 na wanawake 100. Kwa mwaka mmoja, wanaume 10 walisababisha ajali, na wanawake 5. Kila ajali iligharimu shilingi 1,000,000. Jumla ya hasara ni shilingi 15,000,000.

Njia ya kwanza: wote walipe sawasawa. Shilingi 15,000,000 tukizigawanya kwa watu 200, kila mtu atalipa shilingi 75,000.

Njia ya pili: kila jinsia ilipe hasara yake. Wanaume walipe shilingi 10,000,000, yaani kila mmoja 100,000. Wanawake walipe shilingi 5,000,000, yaani kila mmoja 50,000.

Mwanamke atasema, "Njia ya pili ndiyo ya haki. Kwa nini nilipe 75,000 ili niwabebe wanaume waendeshao ovyo?" Neno lake lina maana. Lakini msikilize na yule mwanamume mtaratibu. Wanaume 90 katika wale 100 hawakugonga mtu wala kitu. Mmoja wao atasema, "Mimi sikufanya kosa. Kwa nini nitozwe 100,000, na jirani yangu mwanamke aliyegonga ukuta atozwe 50,000?" Neno lake nalo lina maana.

Mithali yetu yasema, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa samaki ni kweli, maana uozo huambukiza. Lakini uendeshaji mbaya wa mtu mmoja haumwambukizi mwenziwe kwa sababu tu wote wawili ni wanaume.

KWA NINI WANAUME HUHESABIWA KUWA NA HATARI?

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu karibu 1,190,000 hufa barabarani duniani kila mwaka. Karibu robo tatu ya wanaokufa ni wanaume. Kwa hiyo makampuni ya bima hayakulitunga jambo hili kichwani. Liko.

Hata hivyo, tuulize sababu yake. Kitazameni kijiwe cho chote cha bodaboda mjini Dodoma. Mtawaona madereva karibu wote ni wanaume. Yatazameni malori yapitayo Kibaigwa yakichukua mahindi. Madereva wake ni wanaume pia. Mtu aliye barabarani toka alfajiri mpaka usiku hukutana na hatari nyingi kuliko mtu aendeshaye Jumamosi tu kwenda sokoni, hata kama wote wawili ni waangalifu sawasawa.

Basi, yaletayo ajali ni haya: mwendo wa kasi, ulevi, usingizi, gari bovu, na wingi wa safari. Jinsia ni alama tu ya nje. Huonekana upesi na haigharimu kitu kuiuliza, ndiyo maana makampuni yaliipenda. Lakini alama si kitu chenyewe. Ukiona wingu si lazima mvua inyeshe; sisi watu wa Dodoma twalijua hilo kuliko wengine.

NCHI NYINGINE ZILIAMUA NINI?

Katika Ulaya makampuni yalizoea kuwatoza vijana wanaume ada kubwa kuliko vijana wanawake. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ulitoa sheria ya kukataza ubaguzi wa jinsia katika biashara na huduma, lakini uliacha mlango kwa ajili ya bima. Chama cha watumiaji wa bidhaa cha Ubelgiji kiitwacho Test-Achats kilipinga. Tarehe 1 Machi 2011 Mahakama ya Ulaya, iliyoko Luxembourg, iliamua kwamba mlango ule ufungwe. Toka tarehe 21 Desemba 2012, mikataba mipya ya bima katika nchi zile haikuruhusiwa kutofautisha ada kwa jinsia.

Matokeo yake yalikuwa nini? Katika Uingereza wasichana wengi waliona ada zao zikipanda. Hivyo usawa nao una gharama, na kuna aliyeilipa. Lakini wanaume kwa wastani waliendelea kulipa zaidi kuliko wanawake, kwa sababu makampuni yalipima aina ya gari, kazi ya dereva na ajali zake za nyuma. Maana yake, tofauti nyingine ilibaki, ila sasa ilitokana na mambo mengine, si jinsia yenyewe.

Katika Marekani kila jimbo lina sheria yake. California ilikataza kutumia jinsia katika ada ya bima ya motokaa toka tarehe 1 Januari 2019. Montana ilikataza miaka ya 1980, kisha ikaruhusu tena mwaka 2021. Mnaona basi kwamba hata wenye magari mengi hawajapatana.

NA HAPA KWETU?

Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963. Toka mwaka 1967 biashara ya bima ilikuwa mikononi mwake peke yake, mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa makampuni ya watu binafsi. Siku hizi msimamizi ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, ambayo makao yake makuu yapo hapa Dodoma.

Kwetu ada ya bima ndogo, yaani ile ya lazima, hufuata aina ya chombo na matumizi yake. Gari la binafsi lina ada yake, pikipiki ina yake, na basi huongezewa ada kwa kadiri ya abiria. Kwa miaka mingi ada ya gari dogo la binafsi ilikuwa shilingi 100,000. Ongezeni kodi ya 18 kwa mia, mtapata 118,000. Mwanamke alilipa hiyo, na mwanamume alilipa hiyo hiyo. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, yakataza ubaguzi, na neno jinsia liliongezwa humo mwaka 2000.

Je, kwa hiyo haki imekwisha kupatikana? Bado kidogo. Tuseme bibi mmoja wa Mpwapwa ana gari dogo, naye huendesha kilomita chache kila juma. Kijana mwingine ana gari kama hilo, naye huenda Dar es Salaam na kurudi kila juma, usiku na mchana. Wote ni wenye gari la binafsi, nao hulipa ada moja. Mifuko ya jinsia haipo, lakini mfuko mwingine upo.

MKUKI KWA NGURUWE

Mabibi, nanyi msifurahi upesi mkisikia ada ndogo kwa wanawake. Wanawake kwa wastani huishi miaka mingi kuliko wanaume. Kampuni ikikubaliwa kupima kwa jinsia katika motokaa, yaweza kudai ipime hivyo katika pensheni pia, na kusema, "Utaishi sana, basi tukupe kidogo kila mwezi." Huko Marekani, kabla ya sheria mpya kuanza kutumika mwaka 2014, makampuni katika majimbo mengi yaliwatoza wanawake zaidi kwa bima ya afya. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kanuni isipokuwa ya haki inapokuumiza, haiwi ya haki inapokufaidi.

Maoni yangu ni haya. Kumpima mtu kwa jinsia si hesabu mbaya, lakini ni haki pungufu, kwa kuwa hakuna aliyechagua kuzaliwa mwanamume au mwanamke. Mtu aweza kupunguza mwendo. Aweza kuacha pombe kabla ya safari. Aweza kutengeneza breki. Basi na apimwe kwa hayo: akae miaka bila ajali, apunguziwe ada, agonge mara kwa mara, aongezewe. Hapo ada yenyewe itamfundisha adabu ya barabarani, na yule mama mwenye debe la mtama atapita salama.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Katika kikundi chenu cha kuzikana, je, wazee watoe zaidi kuliko vijana? Kwa nini?
2. Katika hesabu yetu, kama wanawake 8 wangesababisha ajali badala ya 5, kila mtu angelipa kiasi gani kwa njia ya kwanza?
3. Ni mambo gani matatu ambayo dereva aweza kuyabadili ili apunguze hatari?

Andikeni majibu yenu kwa sentensi kamili, kisha kila mmoja asome jibu lake kwa sauti. Msiogope kupingana na mwenzenu, wala kupingana nami. Kwa herini, mpaka juma lijalo.