Mtoto na mayi: chupa ya wazamiaji ilizaliwa mgodini

Mvua ikianza kunyesha hapa Katanga, karieri za zamani zinajaa maji. Watoto wanatoka masomo, wanaacha mifuko juu ya udongo, wanaruka. Ukiwauliza, wanakujibu: « Baba, tunaoga tu kidogo, mayi haiko mingi. » Lakini karieri si mto. Hatua ya kwanza maji yanafika magoti, hatua ya pili hakuna tena fasi ya kukanyaga. Udongo wa kando unateleza, mtoto hana kitu cha kushika.

Sisi wa sendika tumekaa kwenye matanga ya watoto wa namna hiyo, tena si mara moja. Ndiyo maana leo hatuongei juu ya mishahara. Tunaongea namna mtoto anavyopashwa kuingizwa majini, na mfano tunautwaa kwa wale wanaoshuka chini kabisa: wazamiaji wenye kubeba chupa ya hewa mgongoni.

Mtu atasema: « Ile ni michezo ya watajiri, sisi inatuhusu nini? » Inatuhusu, ndugu. Chombo kile kina asili yake mgodini. Mwaka 1860, Benoît Rouquayrol, mhandisi wa migodi kule Ufaransa, alitengeneza chombo cha kumpa mtu hewa kwa kadiri anavyovuta pumzi. Alitaka waokoaji waweze kuingia ndani ya mgodi uliojaa gesi mbaya. Mwaka 1864 yeye na Auguste Denayrouze, ofisa wa jeshi la maji, wakakigeuza kiwe cha wazamiaji. Wakati huo hewa ilitoka juu kwa mpira. Mwaka 1943 Cousteau na Gagnan wakafanya chombo ambacho mtu anatembea nacho na chupa zake mwenyewe.

Hata ugonjwa wa wazamiaji, sisi ndio tuliuonja wa kwanza. Mwaka 1841 mhandisi Triger aliandika juu ya wachimbaji wa makaa ya mawe, kando ya mto Loire. Walifanya kazi ndani ya shimo lililojazwa hewa ya kukandamizwa, ili maji yasiingie. Walipotoka nje, wengine walishikwa na maumivu makali ya viungo. Presha ikishuka mbio, hewa iliyoingia ndani ya damu na nyama inatoka kama povu la chupa ya bia iliyofunguliwa.

Sasa, mtoto anaanza namna gani? Kwa shirika la PADI, anaanza akiwa na miaka 8, ndani ya maji yasiyopita metre 2, na moniteri karibu yake. Akifikisha miaka 10 anaweza kusomea cheti cha watoto. Wa miaka 10 na 11 hawapiti metre 12, na wanashuka pamoja na mzazi mzamiaji ao moniteri. Mpaka kufikia miaka 15, mtoto hashuki bila mtu mkubwa mwenye cheti.

Mbele ya kushuka, afya yake inaangaliwa. Mwenye mafua hashuki, juu masikio yatamuuma. Anafundishwa kubana pua na kupuliza polepole, masikio yafunguke. Anafundishwa alama za mkono, kwa sababu chini hakuna kuongea. Na sheria kubwa kuliko zote: usizuie pumzi hata kidogo. Kwenye metre 10 presha ni mara mbili ya ile ya juu; mtu akipanda na pumzi imefungwa, hewa inavimba ndani ya mapafu na inaweza kuyapasua. Hata maji mafupi yanaweza kuleta hatari hiyo. Mtoto akitetemeka kwa baridi, anatolewa. Na akisema « Sitaki », anaachwa. Hakuna kumsukuma, hakuna kumcheka.

Angalieni vizuri sheria hizi. Usiingie peke yako. Hewa ipimwe mbele ya kushuka. Panda polepole. Mwenye kuona hatari ana haki ya kukataa. Si ndizo tunazodai kila siku kwa wakubwa wetu wa kazi? Kule Kasai kuna wazamiaji wa almasi wanaopumua kwa mpira unaotoka kwenye mashine. Moshi wa mashine ukiingia ndani ya mpira, mtu amekwisha. Maji hayasamehe, sawa vile mgodi hausamehe.

Wengi wetu hatutaona chupa hizo karibu. Si neno. Kazi ya kwanza ni kuogelea, na inaanza fasi mtoto anasimama na maji yanamfika kifuani, mtu mkubwa akiwa pembeni, mkono wake karibu. Watoto wa kando ya ziwa Tanganyika, Kalemie na Moba, wanakua na maji mbele ya mlango. Ziwa lile lina kina cha metre 1.470, na lina aina zaidi ya mia mbili za samaki ambazo haziko popote pengine duniani. Mtoto aliyefundishwa vizuri anaweza kuona uzuri huo. Yule aliyejifundisha ndani ya karieri anaona matope, kama anarudi.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Kila karieri iliyoachwa iwekewe uzio na mlinzi. Na masomo ya watoto wa wafanyakazi yafundishe kuogelea.

Nanyi wazazi, mufundishe nyumbani jambo hili hata leo jioni. Mtoto akiona mwenzake anazama, asiruke nyuma yake, maana anayezama anamshika mwokozi na wote wawili wanakwenda. Aite watu wakubwa kwa sauti. Atupe kamba, anyooshe mti mrefu, ao atupe bidon ya litre 20, tupu, kifuniko kimekazwa. Bidon ile inaelea na inaweza kumshikilia mtoto mpaka watu wafike. Kila nyumba kwetu inayo.