Je, Mchezaji Anayetuhumiwa Kumdhuru Mtoto Aendelee Kucheza?

Msomaji mpenzi, nenda Jumamosi jioni katika mtaa wowote wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, utawakuta vijana wetu wameizunguka televisheni wakitazama mpira wa Uingereza. Wawajua wachezaji wa London na wa Liverpool kwa majina, kwa umri, kwa mishahara yao, hata kwa mguu ambao kila mmoja wao aupendelea. Wavaa fulana zenye majina yao mgongoni, na wengine wafika nazo hata chuoni. Hatusemi kuwa mchezo ni jambo baya. Kuuzoeza mwili ni kheri. Lakini yampasa kila mzazi ajiulize: siku itakapotangazwa kuwa mtu yule, ambaye jina lake li mgongoni mwa mwanangu, ametuhumiwa kumdhuru mtoto wa mwenzangu, nitamjibu nini mwanangu atakaponiuliza? Na wale wenye kilabu, je, yawapasa wamwache acheze mpaka korti itoe hukumu, au wamweke kando?

Swali hili si la kubuni. Limetokea, na limewatahayarisha watu wakubwa.

Tarehe 2 Machi 2015 polisi wa Uingereza walimkamata Adam Johnson, mchezaji wa kilabu ya Sunderland. Wakati ule alikuwa na umri wa miaka 27, naye alikuwa amekwisha kuichezea timu ya taifa ya Uingereza mara 12. Alituhumiwa kufanya matendo ya aibu na binti wa miaka 15. Kilabu ilimsimamisha siku ile ile. Lakini baada ya siku 16 tu, tarehe 18 Machi, ikamrudisha uwanjani. Tarehe 23 Aprili akashitakiwa rasmi, naye akakana. Na kilabu ikaendelea kumchezesha. Msimu ule Sunderland walikuwa wakipigana wasishushwe daraja, na mchezaji huyu walikuwa wamemnunua kwa paundi milioni 10. Mwezi wa Oktoba alifunga bao katika mechi ya watani wao Newcastle, na uwanja ukamshangilia. Tarehe 6 Februari 2016 akafunga tena mbele ya Liverpool. Siku nne baadaye alisimama mbele ya korti ya Bradford akakiri makosa mawili kati ya manne aliyoshitakiwa. Kesho yake kilabu ikamfukuza. Baraza la korti likamwona na hatia katika kosa la tatu, na la nne likamwachilia. Tarehe 24 Machi akahukumiwa kifungo cha miaka sita.

Hata hivyo, si hukumu hiyo itupasayo kuitazama zaidi, bali ile miezi karibu kumi na mmoja iliyopita kabla yake. Binti yule alikuwa mshabiki wa kilabu hiyo hiyo. Korti ilielezwa kuwa njia aliyoipitia mtu mzima yule ilikuwa ni umaarufu wake: alipeleka ujumbe wa simu kwa mtoto aliyempenda kama mchezaji, na wakakutana ili amtilie sahihi fulana. Basi tafakari: mtoto amekwenda kusema yaliyompata, polisi wamemsikiliza, kisha kila juma amwona mtu yule yule, katika fulana ile ile, akipigiwa makofi na maelfu. Korti iliambiwa pia jinsi binti huyo alivyosumbuliwa kwa maneno ya kuumiza. Watu wa mji wake walimwona mchezaji yu uwanjani, na wengi walihesabu kuwa kama kilabu yamwamini, basi mwongo ni mtoto. Kilabu haikutamka neno hilo, lakini kitendo chake kililisema.

Kuna jambo la pili. Tarehe 8 Machi 2016 mkurugenzi mkuu wa kilabu, Margaret Byrne, alijiuzulu. Ilikuwa imedhihirika kuwa tangu Mei 2015 alikuwa nazo karatasi za kesi, na ndani yake mna maelezo ya mchezaji kukubali kuwa alimbusu binti yule. Yeye mwenyewe alikiri kuwa alifanya kosa kubwa. Basi haiwezi kusemwa kuwa kilabu nzima ilikuwa gizani.

Sasa tuwasikilize wenye rai nyingine, kwa kuwa si haki kuhukumu baada ya kusikia upande mmoja. Wao husema: mtu hana hatia mpaka ithibitike. Kumsimamisha kazi kwa tuhuma ni kumwadhibu kabla ya hukumu. Maadui ni wengi, na mtu mwenye mali na jina aweza kusingiziwa ili atolewe fedha. Na umri wa mchezaji kazini ni mfupi. Miaka miwili akikaa kando, amekwisha.

Maneno haya yana uzito, nasi hatuwezi kuyapuuza. Dini yetu yalinda heshima ya mtu ulinzi mkali. Sura ya Hujurati yatuamrisha tuichunguze khabari iletwayo na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na sura hiyo hiyo yatukataza kufuata dhana na kusengenyana. Wala si maneno ya vitabuni tu. Mwezi wa Julai 2021 mchezaji mmoja wa Ligi Kuu ya Uingereza alikamatwa kwa tuhuma za makosa juu ya mtoto. Kilabu yake ikamsimamisha. Alikaa miezi 21 akingojea, na mkataba wake ukaisha naye yu kando. Aprili 2023 polisi wakatangaza kuwa ushahidi uliopatikana haukufikia kiwango cha kumshitaki, na shauri likafungwa. Hatumtaji jina hapa, kwa sababu mtu ambaye hakushitakiwa hastahili kutajwa katika mazungumzo kama haya. Miezi ile 21 hakuna awezaye kumrudishia.

Basi tuna watu wawili. Mmoja aliachwa acheze, naye alikuwa na hatia. Mwingine aliwekwa kando, wala hakushitakiwa. Tutafuata njia gani?

Twaona kuwa wengi hukosea hapa kwa kuchanganya mambo mawili: hukumu na hifadhi. Hukumu ni ya hakimu, nayo yataka ushahidi kamili. Hifadhi ni ya kila aliyepewa amana, nayo haingoji hukumu. Chukua mfano tuujuao. Mtu ni msimamizi wa mali ya mayatima. Wakaja watu kwa kadhi wakasema, mali yapungua. Kadhi atafanya nini? Hatamwita mwizi. Atamtaka aweke funguo chini mpaka hesabu ikaguliwe. Akiwa mkweli, hesabu itamsafisha na funguo atarudishiwa. Na katika Sura ya Nisaa wasimamizi wa mayatima wameamrishwa waweke mashahidi siku ya kuwakabidhi mali yao, hata akiwa msimamizi ni mcha Mungu wa kupigiwa mfano. Hakuna aonaye amri hiyo kuwa ni matusi kwa walio waaminifu. Ni kinga ya yatima, na ni kinga ya msimamizi pia.

Fulana ya kilabu ni mfano wa funguo zile. Hapana mtu aliyezaliwa nayo; hupewa, nayo humfungulia milango. Mtoto hamwogopi aivaaye. Mzazi humwamini kabla hajamjua. Na kama amana ya mali ya yatima yalindwa hivyo, je, amana ya mwili na moyo wa mtoto ilindwe kidogo kuliko mali? Kwa hiyo jawabu letu ni hili: tuhuma ya kumdhuru mtoto ikisha kufika kwa polisi, nao wakaona yafaa kuichunguza, mchezaji na akae kando. Si kwa sababu tumejua kuwa ametenda, bali kwa sababu hatujui.

Lakini hifadhi hii haitakuwa ya haki ila kwa masharti. La kwanza, mshahara wake usikatwe. Tukimnyima riziki kabla ya hukumu, hapo tumemwadhibu kweli. La pili, hatua isichukuliwe kwa uvumi wa mitaani au maneno ya simu za mkononi, bali kwa shauri lililofunguliwa na wenye mamlaka. La tatu, wenye mamlaka wafanye upesi, kwa maana kuchelewa ni dhulma kwa mtoto na kwa mtuhumiwa pia. La nne, akisafika, kilabu itangaze kusafika kwake kwa sauti ile ile iliyotangaza kusimamishwa kwake, na mahali pake arudishiwe. Gharama ya kungoja na iwe juu ya kilabu yenye mamilioni, isiwe juu ya mtoto, wala isiwe juu ya mtu ambaye huenda hana kosa.

Wala si jambo lisilowezekana. Huko Marekani, Septemba 2014, Adrian Peterson, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani katika timu ya Minnesota, alishitakiwa kwa kumchapa mwanawe wa miaka minne kwa fimbo ya mti hata akamjeruhi. Timu ilimzuia mechi moja, ikafungwa 30 kwa 7, na kesho yake ikatangaza kuwa atarudi kucheza. Watu wakapiga kelele, na kampuni moja iliyokuwa ikiidhamini timu ikauzuia udhamini wake. Kabla juma halijaisha timu ikageuza shauri: mchezaji akawekwa katika orodha ya wasioruhusiwa kucheza huku akilipwa mshahara wake. Mwezi wa Novemba hakupinga shitaka dogo zaidi, akatozwa faini ya dola 4,000 na kuamriwa saa 80 za kuwatumikia watu. Ndipo ligi ikamsimamisha bila mshahara. Mwaka 2015 alirudi akacheza. Kuwekwa kando huku akilipwa, kumbe, kwawezekana. Kilichokosekana siku ile ya kwanza ni nia, na kilichowatia nia ni hofu ya fedha.

Naye Peterson alijitetea kuwa hakukusudia kumdhuru mwanawe, na kuwa ndivyo yeye mwenyewe alivyolelewa. Enyi wazee wenzangu, neno hilo si geni katika nyumba zetu. Wangapi miongoni mwetu husema, "Mimi nilipigwa, na leo ni mtu"? Kumrudi mtoto ni wajibu wa mzazi, lakini kumtia majeraha mtoto wa miaka minne si kumrudi. Tukiwalaumu wachezaji wa mbali, basi fimbo zilizo nyuma ya milango yetu nazo tuzitazame.

Watu husema pia, "Lakini ni hodari, timu itafanya nini bila yeye?" Hilo ndilo neno la hatari kuliko yote. Twajua kisa cha mwanamke wa kabila tukufu la Makhzumu aliyeiba zama za Mtume, rehema na amani zimshukie. Jamaa zake walimtafutia mwombezi ili asamehewe kwa ajili ya ukoo wake. Mtume alikasirika, akawaonya kuwa waliotangulia waliangamia kwa kumwacha mkubwa akosapo na kumshika mnyonge; na akasema kuwa hata bintiye mwenyewe asingesalimika. Leo ukubwa si wa ukoo tu. Mabao nayo yamekuwa ukoo.

Sasa turudi nyumbani. Mambo haya hayako Uingereza na Marekani peke yake. Sisi tuna kilabu za mitaa, tuna makocha wachukuao watoto safari za mechi, tuna walimu wa shule na wa vyuo vya Kurani. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Zanzibar ina yake ya mwaka 2011, na Kenya ina ya mwaka 2022. Sheria hizo zahitaji wazee wasioficha. Mara ngapi mtoto amesema, na ukoo ukakaa kikao cha siri, ukaamua kuwa jambo limalizwe kimya kwa kuwa mtuhumiwa ni mtu wa heshima? Kesho yake mtoto arudishwa kwa mtu yule yule akasalimie kwa adabu. Tofauti yetu na wale wa Sunderland iko wapi?

Kwa hiyo, mzazi, mwanao akikwambia neno kama hilo, msikilize mpaka amalize, wala usimwambie, "Usiseme hivyo juu ya fulani." Lipeleke kwa wenye mamlaka. Usilitangaze barazani, maana huenda mtu hana kosa. Na wewe mwenye kilabu au chuo, mtake mtuhumiwa akae kando mpaka jambo litambulike, na umlipe haki yake.

Nanyi vijana, tazameni mpira na mfurahi. Lakini siku mtakaposikia kuwa mchezaji mmpendaye ametuhumiwa, msimwite mhalifu, wala msimwite mtoto mwongo. Hamkuwapo. Na akiwekwa kando, timu yenu ikafungwa, vumilieni. Mechi ya Jumamosi itarudi Jumamosi nyingine. Mtoto aliyevunjwa moyo kwa kutosadikiwa huenda asiseme tena.