JE, MUUZAJI MWENYE KIPATO KIKUBWA APUNGUZWE KWANZA?

Msimu unapokuwa mbaya na fedha za chama zikapungua, Bodi haina budi kutazama gharama, na kitu cha kwanza kufunguliwa huwa ni daftari la mishahara. Pengine jina lenye malipo makubwa si la Meneja wala la Mhasibu, bali ni la muuzaji wa duka la pembejeo ambaye, juu ya mshahara wake, hupewa kamisheni kwa mauzo. Hapo husikika kauli: "Tukimwondoa huyu mmoja, tumeokoa mishahara ya watu wawili." Wauzaji nao huingiwa na hofu kwamba bidii yao ndiyo itakayowaponza. Yafaa jambo hili lipimwe kwa hesabu, si kwa macho.

Tuchukue mfano. Duka lina wauzaji wawili, kila mmoja akipata mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi na kamisheni ya asilimia 2 ya mauzo. Faida ghafi ya duka ni asilimia 8 ya mauzo. Muuzaji wa kwanza ameuza mali ya shilingi 20,000,000. Kamisheni yake ni 400,000, na jumla ya malipo yake ni 700,000. Wa pili ameuza mali ya shilingi 5,000,000. Kamisheni yake ni 100,000, na jumla ni 400,000.

Daftari linaonyesha kwamba wa kwanza ni ghali. Lakini mauzo yake yameleta faida ghafi ya shilingi 1,600,000. Baada ya malipo yake, chama kimebakiwa na 900,000. Wa pili ameleta 400,000 na amelipwa 400,000, hakuna kilichobaki.

Sasa tuseme wa kwanza ameondolewa. Ikiwa wateja wake wataondoka pamoja naye, chama kitaokoa 700,000 na kupoteza 1,600,000. Ikiwa wateja watabaki na kuhudumiwa na mwenzake, ile kamisheni ya 400,000 sasa atalipwa mwenzake, kwa kuwa kamisheni hufuata mauzo wala haimfuati mtu. Kilichookolewa ni mshahara wa 300,000 tu, yaani kiasi kile kile ambacho kingeokolewa kama angeondolewa wa pili na wateja wote wakabaki. Kwa hiyo ile "mishahara ya watu wawili" haipo.

Hata hivyo, si kila kipato kikubwa ni ushahidi wa kazi njema. Katibu ajiulize mambo mawili. Kwanza, je, mauzo hayo yamelipwa? Mali ya shilingi 1,000,000 iliyokopeshwa na isilipwe ilinunuliwa na chama kwa 920,000. Ili kufidia hasara hiyo yahitajika faida ghafi ya mauzo mengine ya 11,500,000. Kwa sababu hiyo ni busara kamisheni ilipwe fedha zikishapokelewa, si stakabadhi ya mkopo inapoandikwa. Pili, je, mauzo yameletwa na juhudi ya muuzaji, au na zamu ya msimu wa mbolea? Kulinganisha miezi ile ile ya miaka iliyopita kutatoa jibu. Kasoro ikionekana, dawa yake ni kurekebisha utaratibu wa kamisheni kwa makubaliano, si kumfukuza mtu.

Ikibidi kupunguza wafanyakazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka njia. Mwajiri hutoa taarifa mapema, hueleza sababu, na hushauriana juu ya namna ya kuepuka upunguzaji, vigezo vya kuchagua watakaoondoka, na malipo yao. Makubaliano yasipopatikana, shauri hupelekwa kwenye usuluhishi. Vigezo vinavyokubalika ni kama vile muda wa utumishi, ujuzi na uzoefu. Aliyetumikia miezi kumi na miwili au zaidi hustahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Kwa mtu ambaye malipo yake hayahesabiwi kwa muda wa kazi, kiwango hutafutwa kwa wastani wa mapato ya majuma 13 yaliyotangulia; hivyo mwenye mauzo makubwa huwa na gharama zaidi kumwachisha.

Jibu la swali letu basi ni hili: kipato kikubwa humweka muuzaji mbele ya macho ya watu, lakini peke yake si sababu ya kumpunguza. Kabla Bodi haijakaa, Katibu aandae kwa kila muuzaji safu nne: mauzo, fedha zilizopokelewa, faida ghafi na malipo yote. Mchumia juani hulia kivulini. Chama kitakachomnyima kivuli aliyechuma kwa haki kisishangae wengine wakiacha kutoka juani.